Kazi Inayosubiri

Ziko kazi za mikono ambazo ukishazianza hazikupi ruhusa ya kuinuka. Akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu kandokando ya Ziwa Nyasa hawawezi kuacha chungu nusu, udongo ukiwa bado mbichi, wakaenda zao sokoni. Wakirudi watakuta ukingo umekauka na haupokei tena udongo mpya. Mwashi akishakoroga saruji hana budi kuimaliza. Anayekaanga maandazi hathubutu kulipa karai kisogo. Kufuma hakuna masharti hayo. Sweta likiwa kwenye sindano unaweza kuliacha katikati ya mstari ukaenda kumfungulia mtu mlango, kuepua chungu jikoni, kumbeba mtoto aliyeamka analia. Ukirudi baada ya dakika mbili, au mvua za masika zikiwa zimeshapita, vitanzi utavikuta vimejipanga palepale kwenye sindano, kila kimoja kikiwa wazi kumpokea mwenzake.

Watu husifu ufumaji kwa utulivu wake. Mimi nausifu kwa jinsi unavyovumilia fujo. Nimefuma tangu utotoni, na kwa miaka mingi nimefuma nikiwa na paka nyumbani, nami nimeshawishika kwamba utamu wa kazi hii uko hapo hasa: inakubali kukatizwa bila kununa. Na katika viumbe wote wanaoishi na binadamu, hakuna anayejua kukatiza kazi kumshinda paka.

Ninaishi Njombe, mji wa vilima ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wageni kutoka Dar es Salaam wakishuka kwenye basi mwezi wa Juni au Julai hujikumbatia mabega hapohapo stendi. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai ya Kibena na Luponde, na kule Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, nyasi hupambazukiwa zikiwa na sakitu. Kwa hiyo sweta kwetu si pambo. Mtoto huzaliwa akiwa ameshafumiwa seti yake ya sweta, kofia na soksi, na mama mkwe mwenye mapenzi huongeza shali ya kumfunika mgongoni. Nenda kliniki siku ya kupima watoto uzito utaona benchi zima la wanawake, madonge ya uzi yakiwa kwenye vipochi vya kando, sindano zikienda huku masikio yakisubiri jina liitwe. Jina likiitwa, mkono husimama papo hapo na kazi huingizwa kwenye pochi. Hakuna kilichoharibika.

Nyuzi za dukani zipo, nyingi zikiwa za akriliki, rangi zake kali na bei yake ya kuvumilika. Lakini nyuzi ninazozipenda zaidi nazipata kwenye marobota ya mitumba. Naomba nilieleze jambo hili kwa urefu, maana wanaoliona kwa mbali hudhani tunanunua nguo kuukuu kwa kukosa mpya, kumbe tunanunua uzi ambao duka la hapa haliuzi.

Kwanza naligeuza sweta nje ndani na kutazama mishono ya ubavuni. Ikiwa kitambaa kilikatwa kwa mkasi kisha kikashonwa kwa ovaloki, nalirudisha kwenye lundo hata liwe zuri namna gani, kwa sababu kila mstari ulishakatwa ukingoni, na ukilifumua utapata vipande vifupi vya uzi visivyofaa hata kufungia mchicha. Ikiwa kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, ukingo ukiwa umejikamilisha wenyewe, basi moyo hunidunda. Hapo mgongo mzima unaweza kufumuka kwa uzi mmoja usiokatika, kutoka shingoni hadi kiunoni. Halafu natafuta uzi unaoning'inia ndani, nachomoa kipande kifupi, na kukigusisha moto wa kiberiti, muuzaji akiwa ameridhia. Kikinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, hiyo ni sufu ya kondoo. Kikiyeyuka na kuganda kikawa kidonge kigumu, ni akriliki, nami naendelea kupekua.

Nyumbani, sweta hilo hufunguliwa mishono kwa wembe na subira. Kisha hupatikana ncha ya mwisho, ile iliyofungwa pale aliyelifuma alipomaliza, na kuanzia hapo ni kuvuta tu. Uzi hutoka umejikunjakunja, ukiwa na alama ya kila kitanzi ulichowahi kuwa. Nauzungushia kwenye mgongo wa kiti, nafunga fungu mahali panne ili lisivurugike, nalilowesha kwenye maji ya uvuguvugu na kulining'iniza na kitu kizito chini yake mpaka likauke na kunyooka. Maji yasiwe ya moto wala mikono isisugue, kwani sufu ikipata joto na msuguano hushikana, na ikishashikana haifumuki tena.

Siku ya kufumua ni sikukuu ya paka. Uzi unaovutwa kutoka kwenye sweta huruka kushoto, kulia, kushoto, kulia, mstari kwa mstari, na hakuna paka mwenye afya anayeweza kuutazama akabaki amekaa. Wangu anaitwa Chausiku. Ni wa kijivu chenye milia, mwenye kifua cheupe, na huanza kwa kujificha nyuma ya mguu wa meza akitikisa makalio, akiupima uzi kwa macho. Ninavuta polepole zaidi ili nimpe nafasi. Sioni aibu kusema kwamba kazi ya nusu saa hutuchukua mchana wote, na kwamba huo mchana sijawahi kuujutia.

Alikuja kwangu kwa sababu ya panya. Mahindi yakishapukuchuliwa na kuwekwa magunia chumba cha uani, panya nao huhamia, na wanaotoboa gunia la mahindi hawashindwi kutoboa gunia la nyuzi. Ndivyo urafiki huu ulivyoanza tangu zamani sana: watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kuhifadhi nafaka, panya walifuata nafaka na paka mwitu wakafuata panya. Kisiwani Kupro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 iliyopita ambamo mtu amelazwa na paka akalazwa umbali wa kama sentimita 40 kutoka kwake. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Yule alivushwa bahari kwa chombo, na aliyemvusha alimtaka. Chausiku alivushwa barabara mbili tu ndani ya boksi la sabuni, akapewa usipa mkavu wa kutoka ziwani, na usiku wa kwanza akaanza kazi. Ya kukaa mapajani alijiongezea mwenyewe baadaye, baridi ilipoingia.

Najua kwamba katika mitaa mingi mwanamke anayekaa na paka hutazamwa kwa jicho la pembeni, na paka akiwa mweusi maneno huzidi. Paka hutembea usiku, hakwepeshi macho anapotazamwa, na hutokea chumbani bila kusikika akiingia. Sifa hizo zimetosha kumfungulia kesi. Maneno haya si mzaha. Paka wengi hupigwa mawe kwa ajili yake, na katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyohiyo, zilizoanzia kwenye macho mekundu yaliyoumizwa na moshi wa jikoni. Kila anayeingia kwangu akamkuta mnyama huyu amelala juu ya vipande vya sweta, akamgusa, akaona kwamba ni joto na manyoya tu, nahesabu kuwa amepunguza hofu moja mtaani. Methali ya Kiswahili ilishatoa hukumu: paka wa nyumba haingwa.

Jirani zangu Waislamu wana msingi wa zamani zaidi ya methali. Imepokewa kwamba Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alikuwa akitiwa maji ya kutawadhia, paka akaja akitaka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Alipoona anashangaliwa akasimulia kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Chombo cha udhu kikasubiri, na aliyekuwa akijitayarisha kwa swala akasubiri pia.

Kisa kingine husimuliwa juu ya Sheikh Ahmad al-Rifa'i wa Iraki, aliyefariki mwaka 1182, ambaye tarika yake ina wafuasi hadi Unguja. Paka alilala juu ya mkono wa nguo yake, wakati wa swala ukaingia, naye hakutaka kumwamsha. Akaomba mkasi, akaukata ule mkono wa nguo, akaenda kuswali. Wengi hukomea hapo wakisifu huruma yake. Mimi mfumaji hukingoja kile kipande cha mwisho ambacho wasimulizi hukipita mbiombio: aliporudi akakuta paka ameondoka, akauchukua mkono wa nguo akaushona tena mahali pake. Alijua nguo ni nini. Alijua kwamba kilichokatwa kwa mkasi hurudishwa kwa sindano, na kwa ujuzi huo akaweza kuwa mpole bila hasara. Mtu asiyejua kushona angelazimika kuchagua kati ya nguo na paka.

Mkono mwingine wa nguo umechorwa ukutani huko Misri. Deir el-Medina kilikuwa kijiji cha mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme, na mmoja wao, mchongaji aliyeitwa Ipuy, aliishi enzi za Farao Ramesses wa Pili, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Katika kaburi lake mwenyewe amechorwa ameketi pamoja na mkewe. Chini ya kiti cha mke yupo paka mzima mwenye hereni sikioni. Mapajani pa Ipuy yupo mtoto wa paka, na huyo mtoto ameunyoosha mguu wa mbele akiparura mkono wa nguo ya bwana wake. Wafalme walichorwa wakipiga maadui. Fundi huyu alipopewa ukuta wa kukumbukwa milele, alitaka akumbukwe akiwa anaharibiwa nguo na mtoto wa paka. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kitabuni, na kila mara nahisi namfahamu Ipuy kuliko ninavyomfahamu farao wake.

Misri hiyohiyo ndiyo inayotupa vipande vya kale kabisa vya ufumaji tunavyovijua. Ndani ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, zipo soksi nyekundu za sufu zilizofukuliwa Misri, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Kidole gumba kimetengwa na vingine ili mvaaji aweze kuvaa ndara. Hizo zilitengenezwa kwa sindano moja, uzi ukipitishwa wote kwenye kila tundu, na anayefanya hivyo hulazimika kutumia vipande vifupi na kuunga kila mara. Karne nyingi baadaye, wakati Misri ikiwa ya Kiislamu, zinatokea soksi za pamba, za bluu ya nili na nyeupe, nyingine zikiwa na maandishi ya Kiarabu yaliyofumwa kuzunguka mguu, na hizo ni kufuma kwenyewe: sindano zaidi ya moja, vitanzi vilivyo wazi vikisubiri zamu yao, na uzi mrefu usio na mwisho ukitoka kwenye donge. Aliyegundua kwamba kitanzi kinaweza kuachwa wazi kwenye kijiti bila kufumuka hatumjui jina. Ningependa kumjua. Ametupa kazi tunayoweza kuibeba kila mahali na kuiweka chini wakati wowote.

Dada zetu wa Ukambani na Murang'a, Kenya, husuka kiondo wakiwa njiani, kimebanwa kwapani, mkonge ukining'inia. Wanawake wa pwani husuka ukili wa mkeka huku mazungumzo yakiendelea, wakauzungusha na kuuweka pembeni adhana ikisikika. Nadhani si bahati kwamba kazi hizi zote zimekuwa za watu ambao siku yao si mali yao. Mwenye siku yake anaweza kufunga mlango akachonga. Anayeitwa na mtoto, na chungu, na mgonjwa, na mgeni, amejichagulia kazi inayojua kusubiri, na humo akaweka ustadi wake wote. Huwa naudhika nikisikia kazi hizi zikiitwa za kupotezea muda. Zimekusanya muda ambao ungepotea.

Tuje sasa kwa paka akiwa kazini. Akiwa macho, anachokiona yeye kwenye ufumaji ni ncha mbili zinazochezacheza na donge linaloshtuka kila uzi unapovutwa. Hayo yote kwake ni mawindo, na kumkemea ni kumkemea kwa kuwa paka. Ziko njia za kuishi naye. Donge likiviringishwa kwa kuacha ncha ya ndani, uzi ukavutwa kutoka katikati, donge hukaa palepale bila kubingirika. Likitiwa kwenye sufuria nzito yenye mfuniko, uzi ukapita kwenye upenyo mdogo, paka hulizunguka kidogo, hunusa, kisha hulala akiliegemea. Sindano nazo zina maneno yake. Bibi zetu walifumia spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, na wapo wanaozitumia mpaka leo. Spoku na alumini ni laini, vitanzi huteleza upesi, na mkono mwepesi hufurahi. Ila paka akirukia kazi, sindano ikichomoka, vitanzi ishirini hubaki hewani. Mimi nafumia mwanzi. Huku kwetu mianzi ni mingi, ndiyo inayotoa ulanzi, na fimbo nyembamba iliyokaushwa vizuri, ikachongwa na kupigwa msasa, hushika uzi kidogo. Paka huweza kuivuta kazi nzima hadi sakafuni na vitanzi vikabaki vimeng'ang'ania.

Kitanzi kikitoka na kushuka mistari kadhaa, kikiacha ngazi nyuma yake, anayeanza kujifunza hupiga kelele. Hakuna haja. Kitambaa kilichofumwa ni vitanzi vilivyopita ndani ya vitanzi, kwa hiyo kila ngazi ya uzi iliyobaki wazi ndiyo kitanzi kinachotakiwa. Chukua sindano ya kroshia, kamata kitanzi kilichoanguka, vuta ngazi ya kwanza ipite ndani yake, kisha ya pili, ukapande hadi juu. Ikifika huwezi kuonyesha mahali palipoharibika. Nguo iliyosukwa kwenye kitanda cha mfumi haina msamaha huo, wala haina ule unyumbufu unaoifanya soksi ivutike ikapita kisigino halafu ikarudi kushika kifundo. Vyote viwili vinatokana na kitanzi: kinanyooka kinapovutwa, na kinakumbuka umbo lake kinapoachwa.

Liko jambo moja ambalo sitalisema kwa sauti ya chini. Uzi unaua paka. Ulimi wake una miiba midogo iliyoinamia kooni, inayomsaidia kuchana manyoya na kukwangua nyama kwenye mfupa. Uzi ukishaingia mdomoni, miiba hiyohiyo huusukuma ndani, na kuutema humwia vigumu. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi au tumboni huku nyingine ikiendelea kuteremka, utumbo hujikunja ukiufuata, kama kiuno cha bukta kinavyojikunja ukivuta kamba yake, na uzi uliokazana huweza kuukata. Paka anayetapika, anayekataa chakula na kujikunyata baada ya kucheza na nyuzi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, usiuvute. Kwa hiyo mchezo wa siku ya kufumua ni mchezo wa kusimamiwa: ncha nyingine iko mkononi mwangu muda wote, na nikiinuka naondoka na nyuzi zote, hata vipande vya urefu wa kidole. Kumpenda paka na kumwachia uzi peke yake chumbani ni mambo mawili yasiyokaa nyumba moja.

Hayo ni akiwa macho. Lakini paka hulala zaidi ya nusu ya siku, na saa zake za kulala ndizo saa zangu njema. Jioni jiko la mkaa likishawekwa mlangoni hadi moshi ukaisha na kuingizwa, dirisha likiachwa wazi kidogo, Chausiku hupanda mapajani, hunikanda kwa miguu ya mbele, kushoto na kulia, kama alivyokuwa akikanda tumbo la mama yake ili maziwa yashuke, kisha hujikunja. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya letu, na katika usiku wa Julai tofauti hiyo ndogo huifahamu vizuri. Halafu huanza kukoroma. Ni mkoromo wa mitetemo 25 hadi 150 kwa sekunde, mzito kuliko unavyoutarajia kwa mnyama wa kilo nne. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, walieleza sehemu ya siri yake: ndani ya nyuzi za sauti za paka mna vifundo vya tishu vinavyoziongezea uzito, na kitu kizito hutetemeka taratibu. Nilifurahi kulisoma hilo. Mkoromo huo hupenya kitambaa, hupanda kwenye viwiko, na mikono ikishauzoea hufuma kwa mwendo wake.

Sasa paka, aliyekuwa akinikatiza mchana kutwa, hunizuia nisikatizwe. Siwezi kuinuka. Simu ikiita chumbani, itaacha yenyewe. Vyombo vitaoshwa. Binti yangu akipita ananiuliza, "Mama, nikuletee chai?" kwa sababu anaona hali ilivyo, na katika nyumba yetu mwenye paka mapajani huhudumiwa bila kulaumiwa. Mstari mmoja wa vitanzi vya mbele, mstari mmoja wa vitanzi vya nyuma. Kila mstari ukiisha nahamisha punje moja ya haragwe kutoka kisosi hiki kwenda kile, kwa mkono mmoja, polepole. Umeme ukikatika, naendelea. Upande wa mbele vidole hukuta vitanzi vimelala bapa, upande wa nyuma hukuta vinundu, na hiyo inatosha kujua nilipo. Nimepata kufuma kisogo kizima cha kofia ya mtoto gizani, nikisikiliza mvua kwenye bati, na sikumbuki kama kuna jambo lolote nililokuwa nikilitamani zaidi ya hilo.

Wateja huuliza juu ya manyoya, na wana haki ya kuuliza, kwa kuwa wapo watoto ambao manyoya huwapa mafua na kubanwa kifua. Seti ya mtoto mchanga huifumia juu ya khanga safi inayotandikwa mapajani na kuondolewa ikiisha, na paka siku hizo hukaa kwenye kiti chake. Nguo ikikamilika hufuliwa, huanikwa juani imelazwa ili isivutike, kisha hupapaswa kwa kiganja kilicholowa maji. Unyoya wowote uliosalia hushikamana na kiganja. Sweta za wakubwa siziwekei ulinzi mkali hivyo. Mzee mmoja wa mtaa wa juu, aliyenipa kazi ya kumfumia fulana ya mikono mirefu ya kuvaa shambani kwake kwenye parachichi, aliniambia unyoya wa kijivu aliouona kolani haumsumbui, na kwamba yeye mwenyewe analala na paka wawili.

Mikono huifuma mwisho, nikiokota vitanzi kuzunguka bega na kushuka kuelekea kiganjani. Wengine huanzia chini wakapanda, nao wana sababu zao. Mimi nateremka kwa sababu ya watoto. Mtoto hukua mikono kabla ya kifua, na sweta lililofumwa kwa kushuka linaweza kurudishwa kwangu msimu wa baridi unaofuata, nikafumua ukingo wa kiganjani, vitanzi vikarudi kwenye sindano vikiwa wazi, nikaongeza upana wa vidole vitatu. Jirani yangu mwenye watoto wawili ameniletea tena lile la bluu. Lilianza na kifungua mimba, sasa ni la mdogo wake, na mikono yake imeshaongezwa na kupunguzwa kulingana na mvaaji. Safari hii uzi wa bluu umekwisha, hivyo mama mtu amekuja na sweta la mtumba la njano chini ya kwapa, tayari ameshalitazama mishono ya ubavuni kabla ya kulinunua. Tumekaa kibarazani kulifumua, yeye akishika mwili wa sweta, mimi nikiviringisha donge, na Chausiku akiwa katikati yetu.